Eti ukishaingia mashine ya figo hutoki tena? Ndugu wanabishana, mdogo wangu yuko wodini

#1 Fundi Tanki
Wakuu salaam. Nipo kwenye benchi nje ya wodi, naandika haraka simu isije ikazima.

Mdogo wangu ana miaka 34, bodaboda, kijiwe chake Mbagala Rangi Tatu. Wiki mbili zilizopita alishikwa na kuharisha na kutapika siku tatu mfululizo. Duka la dawa wakampa vidonge, akapanda pikipiki akaendelea na kazi. Siku ya tano kaamka uso umevimba, macho hayafunguki vizuri, na mkojo anatoa kijiko cha chai tu, rangi ya Coca-Cola.

Hospitali ya kwanza wakapima, kreatinini (taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja) 1,140. Wakasema figo zimefeli ghafla, zinaweza kurudi, ila asafishwe damu leo leo. Mashine zao zimejaa, tukahamishwa. Hospitali ya pili daktari wa zamu kaangalia ile karatasi dakika moja, akasema hii ni sugu, jiandaeni kwa mashine maisha yake yote au tafuteni ndugu wa kutoa figo.

Sasa baba mkubwa kaingia asubuhi hii kutoka Kilwa na amekataa tusisaini. Anasema mtu akiwekwa mashine, figo zinajua kuna mwingine anazifanyia kazi, zinalala moja kwa moja. Katutajia watu watatu wa mtaa mmoja walioingia mashine, wote tumewazika.

Ni kweli? Na inakuwaje mtu mmoja, damu ile ile, huku aambiwe "ghafla" na kule "sugu"?

#2 Kijiko
Pole sana mkuu. Ngoja waje wenye fani, mimi nimekaa pale.

#3 Konda Mstaafu
Baba mkubwa wako kaongea ukweli mchungu. Jirani yangu hapa Tandika alikwenda mashine kwa miguu yake mwenyewe, miezi saba tukambeba. Ukiingia hutoki. Ile ni biashara kama biashara nyingine.

#4 Zamu ya Usiku
Fundi, pole. Mimi ni muuguzi kitengo cha kusafisha damu, wapi sisemi.

Figo hazilali kwa sababu ya mashine. Mashine haifanyi chochote ndani ya figo, inachuja damu pembeni na kuirudisha. Waliolala, walilala kabla hawajafika kwetu. Shida ni kwamba watu wengi wa Dar wanaletwa wakati wamebakiwa na pumzi tu, ndiyo maana mtaa unaona "aliwekwa mashine akafa".

Kuhusu ghafla na sugu. Figo kufeli ghafla ni jambo la saa hadi siku: umeharisha maji yakaisha mwilini, umepoteza damu wakati wa kujifungua, malaria kali, sumu, dawa, au mkojo umezibwa na tezi dume. Sugu ni uharibifu uliokaa zaidi ya miezi 3, na mara nyingi una miaka. Hiyo kreatinini 1,140 inaonyesha figo hazichuji (mwanaume mzima huwa kwenye 60 hadi 110 hivi), lakini haisemi ziliacha lini. Ukikuta daladala limesimama Buguruni, kwa macho tu hujui limeharibika sasa hivi au lipo hapo tangu mwaka jana.

Nijibu haya: ana vipimo vyovyote vya zamani? Presha ilikuwa ngapi? Altrasaundi inasema figo zina urefu gani? Wingi wa damu? Na la kwanza kabisa, potasiamu (madini ya kwenye damu, hurundikana figo zisipochuja) ni ngapi?

#5 Mama Kachori
Kubana mkojo kwenye foleni hiyo. Bodaboda na makonda wote figo zao zimeisha.

#6 Konda Mstaafu
Mama Kachori mimi nimebana mkojo barabara ya Mandela miaka ishirini na mbili na nipo hapa nakusoma.

#7 Fundi Tanki
Nimechukua karatasi kwa sista. Presha alipofika 190/110. Damu 9. Figo ya kulia sentimita 9.6, kushoto 9.4, wameandika "zimeng'aa kuliko kawaida". Vipimo vya zamani hana, hajawahi kupima kitu zaidi ya malaria. Potasiamu 6.9.

#8 Zamu ya Usiku
6.9?? Mkuu inuka kwenye hilo benchi. Hayo mengine tutabishana hapa wiki nzima, potasiamu ya kiwango hicho inasimamisha moyo bila kupiga hodi. Waulize kama wamempima umeme wa moyo na kama wamempa dawa ya kuishusha wakati anasubiri mashine. Hizo dawa zinanunua saa chache tu, haziiondoi.

Na mdogo wako ana akili timamu? Anaongea? Basi mwenye kusaini ni yeye. Si baba mkubwa, si wewe.

#9 Pweza wa Feri
Hapo #8 nakazia. Mtu mzima wa miaka 34 anasubiri sahihi ya Kilwa.

#10 Daktari Mtoro
Nilisomea udaktari, sasa nauza vipuri Gerezani, msiniulize. Zamu ya Usiku kasema vizuri ila naongeza mawili.

Kwanza, figo ya mtu mzima huwa sentimita 10 hadi 12 hivi. Iliyosinyaa kabisa, 7 au 8, huwa ushahidi mzuri wa usugu. Hizi za 9.5 ziko njia panda. Tena figo za mwenye kisukari au VVU zinaweza kubaki kubwa hata kama ugonjwa ni wa miaka. Kwa hiyo yule wa kwanza hakuwa mjinga, na yule wa pili naye hakuwa mjinga, alikosea kutoa hukumu kwa dakika moja tu.

Pili, kuna jibu la tatu ambalo hamjaambiwa: yote mawili. Mtu ana figo zilizokwisha chakaa kimyakimya kwa presha asiyoijua, halafu kuharisha kukamalizia. Hapo kinachorudi ni kile kilichoangushwa juzi. Cha zamani hakirudi.

Kura yangu naweka kwa presha. 190/110 kwa kijana, na damu 9, hiyo ina mizizi.

#11 Zamu ya Usiku
Daktari Mtoro, presha inaweza kuwa matokeo vilevile. Figo zikizimika, maji na chumvi vinabaki, presha inapanda ndani ya siku chache. Na damu 9 kwa Mbagala ni watu wangapi wanayo? Usimfunge mtu kwa ushahidi huo.

#12 Daktari Mtoro
Sawa, sikufunga, nimepiga kura.

#13 Bint Mtoni Kijichi
Naomba niulize, anatumia dawa gani za kawaida? Shemeji yangu bodaboda pia, hawa watu wanakunywa dawa za maumivu ya kiuno kama pipi.

#14 Fundi Tanki
Wakuu amesaini mwenyewe. Baba mkubwa kasusa, kakaa getini. Wamemwekea mpira shingoni, yuko ndani sasa.

Bint umepatia. Nimempigia mshikaji wake wa kijiweni. Diklofenaki vidonge viwili kila jioni, miaka mitatu, na kiuno kikizidi anachomwa sindano. Wiki ile ya kuharisha alikuwa anameza pia kwa sababu tumbo lilikuwa linamkata. Na kuna chupa ya mizizi, aliambiwa ana ngiri.

#15 Zamu ya Usiku
Basi mimi yangu naweka hapo. Maji yakipungua mwilini, figo inaishi kwa kujipanulia mshipa wa kuingiza damu. Diklofenaki, brufeni na ndugu zake zinaufunga mshipa huo. Ukiwa mzima na umeshiba maji unaweza usijue. Ukiharisha siku tatu na unameza, umeifungia figo bomba la kuingiza na tanki lenyewe limekauka. Wewe Fundi kazi yako unaielewa hii.

Wengine wanaomeza kwa ajili ya kiuno wanaamini kabisa kwamba kiuno kinauma kwa sababu ya figo! Figo zinazokufa polepole haziumi. Zingekuwa zinauma, tungewapata mapema.

#16 Kijiko
Kwa hiyo tuhamie panadol?

#17 Zamu ya Usiku
Kwa figo, ndiyo ina nafuu kubwa, ukifuata kipimo. Ukizidisha unakwenda kugombana na ini.

#18 Tabibu Asilia Chanika
Naona mizizi inaanza kusingiziwa. Babu zetu walikunywa mizizi wakafika miaka tisini. Figo zimekuja na chips mayai na vinywaji vya kuongeza nguvu. Mwenye uhitaji wa dawa ya kusafisha figo siku 14 aje inbox.

#19 Pweza wa Feri
Ametoka inbox moja kwa moja, hata salamu hakutoa.

#20 Daktari Mtoro
Tabibu, hatusemi mizizi yote. Kuna familia ya mimea wanayoiita Aristolochia, Ubelgiji miaka ya 1990 wanawake waliipata ndani ya vidonge vya kupunguza unene, figo zikakauka na wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ule nao ulikuwa mmea. Swali langu kwako ni moja: ndani ya ile chupa ya ngiri kuna nini?

#21 Tabibu Asilia Chanika
Hiyo ni siri ya ukoo.

#22 Daktari Mtoro
Ndiyo tatizo lenyewe.

#23 Mzee wa Kahawa
Vijana nimewasoma wote. Turudi kwenye swali la baba mkubwa, maana mmelipita. "Ukiingia hutoki." Historia yenyewe iko kinyume.

Mashine ya kwanza ilitengenezwa na Mholanzi Willem Kolff, mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani. Alitumia utando wa selofeni, ule wa kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Wa kwanza kunusurika alikuwa mama wa miaka 67, mwaka 1945, figo zake zilifeli ghafla. Akasafishwa, akazinduka, figo zikarudi kazini, akaenda nyumbani. Hakurudi mashineni tena.

Yaani mashine ilivumbuliwa kwa watu wa kuingia na kutoka. Wale wa kudumu wamekuja baadaye, 1960, Belding Scribner wa Seattle alipobuni mrija wa kuacha mkononi ili mtu aunganishwe mara nyingi bila kuharibu mishipa. Kabla ya hapo mwenye figo sugu hakuwa na mashine hata kama ana hela.

#24 Konda Mstaafu
Mzee hii nimeipenda lakini Tandika si Uholanzi.

#25 Bint Mtoni Kijichi
Mimi nina mfano wa Dar basi. Dada yangu alijifungua 2019, damu ikamwagika sana, figo zikazima. Mashine wiki tatu, mara tano au sita sikumbuki. Leo mtoto yuko shule na mama yake anauza vitenge, hajui hata hicho chumba kinafananaje sasa.

Na baba yetu, kisukari miaka kumi na tano, alianza 2020, mara tatu kwa wiki, saa nne nne, mpaka Mungu alipomchukua. Nyumba moja, mashine ileile.

#26 Konda Mstaafu
Pole kwa mzee. Hapo umenikalisha.

#27 Chumvi ya Kigamboni
Mimi nasema maji. Visima vya huku maji ni chumvi tupu, tunapikia, tunakunywa. Halafu mnashangaa presha na figo.

#28 Mzee wa Kahawa
Na joto usilisahau. Nikaragua na El Salvador wakata miwa, vijana wa umri wa huyu bodaboda, hawana kisukari wala presha, figo zinaisha. Wataalamu wanabishana mpaka leo: wengine joto na kukauka maji, wengine dawa za mashambani. Bodaboda wa Dar anakaa juani tangu saa kumi na mbili asubuhi, kofia kichwani, maji hanywi ili asisimame njiani. Sisemi ndiyo, nauliza tu.

#29 Mpemba wa Kariakoo
Birimbi je? Nimesikia linaua figo.

#30 Kijiko
Birimbi tena 😂 sasa pilau tutalila na nini

#31 Zamu ya Usiku
Hilo si uzushi. Kerala kule India kuna watu walikunywa juisi yake nzito, eti inashusha lehemu, figo zikafeli kwa siku chache. Lina tindikali inayoganda kama vijiwe vidogo ndani ya figo. Achari kidogo pembeni ya sahani ni jambo jingine.

#32 Dada wa Sinza
Na mkorogo. Wadogo zangu hamtapenda. Krimu zenye zebaki ziliwavimbisha wanawake Nairobi tangu miaka ya 1970, protini inamwagika kwenye mkojo. Zilipigwa marufuku lakini nendeni mkaangalie zinazouzwa kwa kujificha.

#33 Pweza wa Feri
Mgonjwa ni bodaboda wa Mbagala, Dada.

#34 Dada wa Sinza
Na wanaume hawapaki? Haya.

#35 Kaka Mkubwa wa Ukonga
Mimi nilisoma kwamba sisi Waafrika tuna jeni, chembe ya kurithi, ya kuharibu figo, inaitwa APOL1. Tusitafute mchawi.

#36 Daktari Mtoro
Ipo, iligunduliwa 2010, inakinga dhidi ya malale na gharama yake inalipwa na figo. Lakini imejaa zaidi Afrika Magharibi, huku kwetu mashariki ni haba. "Waafrika" ni neno pana mno.

Ila wakuu, tumesahau kitu. Mkojo rangi ya kola, uso kuvimba, presha juu. Fundi, mdogo wako aliwahi kuwa na kidonda au koo mwezi huo?

#37 Fundi Tanki
Alichomwa na bomba la pikipiki mguuni, kama mwezi sasa. Kilitunga usaha.

#38 Daktari Mtoro
Naondoa kura yangu ya presha, au naigawa nusu. Vijidudu vya kidonda vinaweza kuuchochea mwili, kinga yake yenyewe ikavivamia vichujio vya figo wiki kadhaa baadaye. Picha inafanana kabisa. Wakitaka uhakika watachukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano wakaangalie.

#39 Zamu ya Usiku
Na alipokuwa anaharisha je? Hiyo hadithi yako inaiacha nje. Na mshangao wako kwa mkojo wa kola, mkojo uliokauka maji nao unakuwa mweusi.

#40 Mama Kachori
Wanafunzi wa darasa moja wameanza.

#41 Fundi Tanki
MREJESHO. Amesafishwa mara mbili, potasiamu 5.1, anaongea, anaulizia pikipiki yake. Mkojo bado.

Jana sista kasema kama itaendelea muda mrefu watamtengenezea fistula. Baba mkubwa kasikia, katoka nje anatetemeka: "Fistula? Si ugonjwa wa wazazi huo? Mnamfanya nini mtoto wangu?" Nimeshindwa kumjibu.

#42 Zamu ya Usiku
😂 Kila wiki tunakutana na hii. Jina moja, vitu viwili. Hii wanaunganisha mkononi mshipa unaotoa damu moyoni na ule unaoirudisha, huu wa kurudisha unatanuka, sindano zinaingia kirahisi. Ni ya watu wa muda mrefu, usiikubali haraka, yeye bado ni mpira wa muda. Na hakikisha ule mpira shingoni unakaa mkavu, ni mlango wa vijidudu.

Anakula nini?

#43 Fundi Tanki
Baba mkubwa katubu, kaleta madafu kumi kutoka Kilwa ili "asafishe mkojo".

#44 Zamu ya Usiku
MADAFU HAPANA. Dafu limejaa potasiamu, hicho ndicho tumekitoa kwa mashine. Ndizi, korosho, juisi ya machungwa, mchicha, weka pembeni kwa sasa. Viazi vikipikwa, vikatwe vidogo, vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena. Na maji ya kunywa apimiwe: alichokojoa jana ongeza kama nusu lita, basi. Wale wa "kunywa lita tano usafishe figo" wanamzamisha mtu ambaye bomba la kutoa limeziba.

#45 Pweza wa Feri
Madafu kumi. Naomba anuani ya wodi nije kusaidia.

#46 Kaka Mkubwa wa Ukonga
Ikishindikana kuna kupandikiza. Zamani mpaka India, sasa Muhimbili wanafanya tangu Novemba 2017, na Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata 2018. Fundi wewe upo tayari kutoa?

#47 Fundi Tanki
Nimeambiwa hata nikitoa moja naishi. Nimesema ndiyo. Mke wangu bado hajajua nimesema ndiyo.

#48 Kijiko
Huo uzi mwingine kabisa mkuu.

#49 Kijiko
Nafufua uzi. Wiki saba zimepita. Mleta mada yuko wapi?

#50 Fundi Tanki
Samahani wakuu, maisha.

Mara ya sita mashine, alfajiri, mkojo ukatoka. Kwanza kikombe, baadaye ndoo, siku moja lita tano, ikabidi tena wamwongezee maji kwa dripu. Mpira shingoni ukatolewa. Wiki ya tatu hii hajagusa mashine. Baba mkubwa kila anayempita anamwambia "katoka", kama yeye ndiye aliyemwingiza.

Lakini kreatinini imeshuka mpaka 290 ikagoma. 310, 295, 290, 292. Presha inahitaji vidonge viwili. Daktari wa figo anasema bado ni mapema kuliita jina, tusubiri miezi 3 itimie. Mwingine pale kliniki kasema hii ilikuwepo zamani, tumerudi tulipokuwa. Sindano ya kuchukua kinyama hawajafanya, wanasema presha itulie kwanza.

#51 Daktari Mtoro
Unaona? Alikuwa na chake cha zamani. Presha.

#52 Zamu ya Usiku
Au ni kovu la hii ya juzi. Ajali ya ghafla inaweza kuacha usugu, si lazima ulikuwepo. Ikibaki 290 baada ya miezi mitatu hiyo itahesabiwa hatua ya nne kati ya tano, na atakuwa mtu wa kliniki. Diklofenaki asiiguse tena maisha yake.

#53 Mzee wa Kahawa
Na kijiweni amerudi?

#54 Fundi Tanki
Amerudi, nusu siku. Kafunga dumu la maji kwenye pikipiki. Mshikaji wake wa kijiweni bado anameza, anasema yeye kiuno chake ni tofauti.

#55 Kijiko
Kwa hiyo birimbi tule au tusile, hamjamalizia.

#56 Konda Mstaafu
Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Mkojo ukiwa na povu kama la sabuni, halafu povu halikatiki, hiyo nayo ni kitu?

#57 Zamu ya Usiku
Konda, una miaka mingapi? Na unatumia dawa gani?

#58 Konda Mstaafu
59. Za kiuno tu.